Mlango Mweupe wa Pijo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Pugu Kajiungeni. Bi Mwanakombo Nurdin anazunguka uani kwa watu na kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari, anamwagilia ardhi kama aliyepanda mchicha. Mchicha haupo. Kilichopo ni vumbi, naye anataka lilale.

“Likiamka kabla rangi haijakauka, kazi imekufa,” anasema bila kuinua kichwa. “Vumbi la huku halina adabu.”

Nyuma yake vyandarua vinne vimeunganishwa kwa uzi wa kushonea viroba na kutundikwa kwenye kamba za kuanikia nguo. Ndani yake, kama mgonjwa aliyelazwa, imetulia gari, Pijo 504 ya mwaka 1977. Vyandarua ni vya kuzuia wadudu. Mbu mmoja akitua kwenye rangi mbichi anazikwa papo hapo, na kaburi lake litaonekana miaka kumi.

Kompresa ya kupulizia rangi iko tayari. Msasa umeshapigwa, magazeti yamebandikwa kwenye vioo. Lakini hakuna anayeanza, wanangoja umande ukauke juu ya bati. Rangi ikipulizwa kwenye unyevu hupauka kama goti la mtoto lisilopakwa mafuta. Ikicheleweshwa mpaka saa tano, upepo unaleta mchanga.

“Riziki yetu iko hapo katikati,” anasema. “Saa mbili mpaka saa nne. Ukiikosa, urudi kesho.”

Jua linapochomoza, jambo moja linajionyesha lenyewe. Mlango wa dereva una rangi ya samli, ile njano tulivu ya samli iliyoganda. Mlango wa nyuma yake ni mweupe, mweupe wa shuka la hospitali. Hata jirani anayepita getini na ndoo yake ya maji anauona.

Bi Mwanakombo ndiye aliyeipaka milango yote miwili. Amesimama hatua mbili tu kutoka hapo, na haoni tofauti.

Ana umri wa miaka hamsini na minane. Alimaliza darasa la saba Manzese, na shule haikuendelea zaidi ya hapo. “Hesabu zilinikataa,” anasema, “rangi zikanikubali.”

Aliolewa na Bakari, fundi rangi wa gereji moja kando ya Barabara ya Morogoro. Kila mchana alimpelekea chakula, na kila mchana alichelewa kurudi. Siku moja alimkuta mumewe anahangaika na kijani cha pikapu ya mteja, amechanganya makopo matatu na hakuna lililokubali. Yeye akasema, huku ameshika hotpoti, tia njano kidogo na tone moja la nyeusi.

“Akatia. Ikakubali,” anakumbuka. “Akaniangalia kama mtu aliyegundua kaoa jini.”

Tangu siku hiyo Bakari alipuliza, mkewe akachagua. Mteja akileta kipande cha bampa, Bi Mwanakombo alikitazama mara moja, akakirudisha, akaenda kuchanganya kwa kukumbuka tu. Wakamwita Mama Rangi.

Bakari alifariki mwaka 2006 kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa amepuliza rangi miaka ishirini, kinga yake kitambaa cha leso puani. “Nilimaliza eda Jumatano,” anasema mjane wake. “Alhamisi nikashika bomba.”

Gereji ile haipo tena. Mwenye kiwanja alijenga fremu za maduka, na pale Bakari alipokuwa akianika milango sasa panauzwa vifuniko vya simu. Bi Mwanakombo hufuata wateja majumbani kwao. Wenye magari ya zamani nao hupenda hivyo, kwani gari likilala kwako hutaamka ukute kabureta ya mtu mwingine.

Ila wateja wenyewe wamepungua. Zamani alipata gari tatu kwa mwezi. Mwaka huu, ukihesabu na hii Pijo, ni tatu tangu Januari. Kila gari, akitoa rangi na thina, linamwachia kama laki tatu, na hiyo anagawana na Mwinshehe.

Mwinshehe ni mpiga msasa wake. Ana miaka hamsini na mmoja, mrefu, mpole, na vidole vyake havina alama; msasa umezila. Wamefanya kazi pamoja miaka kumi na sita. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho, mashine ilikataa vidole vyake mara tatu, na Bi Mwanakombo aliyekuwa kwenye foleni hiyo hiyo akamwambia karani, “Mwandike marehemu, tugawane vitu vyake.”

Utamwona huyu Mwinshehe, msomaji, maana yeye yuko katikati ya simulizi hii.

Walikuja Pugu mwezi wa tatu, kwa mwito wa Mzee Audax, karani mstaafu wa reli mwenye miaka sabini na saba, mtu wa Bukoba aliyekaa Dar es Salaam tangu ujana wake. Alitaka jambo moja. Pijo yake irudie rangi iliyokuja nayo.

Tegua hiki: babu kavaa kanzu nne, na ya harusi ndiyo ya ndani. Babu huyo ni gari la Mzee Audax. Juu lilikuwa fedha. Mwinshehe alipolikuna, chini ya fedha ikatokea damu ya mzee, chini ya damu ya mzee ikatokea bluu, na chini ya bluu kitu kilichochakaa ambacho hakikuwa tena na jina.

Kibati cha kiwandani chenye namba ya rangi kilikuwa kimeliwa na kutu. Madukani kuna mashine ya kusoma rangi na kuichanganya, lakini mashine husoma kile inachoonyeshwa, na rangi iliyochomwa na jua karibu miaka hamsini si rangi ile iliyonunuliwa. Bi Mwanakombo akazunguka gari akipapasa, mpaka akafika kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Akakifungua, akakigeuza. Upande wa ndani, ambako jua halijapata kufika, ilikuwepo. Samli.

“Ndiyo hiyo,” akasema Mzee Audax, akaketi.

Rangi ile ilichaguliwa na mkewe, Tekla, aliyefariki miaka miwili iliyopita. “Mimi nilitaka nyeupe,” anasimulia mzee. “Tekla akasema, gari jeupe ndilo linalokuja kuchukua wagonjwa. Ukinunua jeupe utapanda peke yako.”

Bi Mwanakombo alichanganya nyeupe, njano, tone la nyeusi na tone la kahawia. Akapaka kidogo kwenye bati na kulianika, kwani hachagui rangi ikiwa na maji. “Rangi mbichi ni kama mchumba, inang’aa tu. Ingoje ikauke ndipo utaijua.” Ikakauka. Ikawekwa kando ya kifuniko, ikafanana. Mlango wa dereva ukapigwa, na Mzee Audax alipouona aliingia ndani na hakutoka mpaka jioni.

Wiki iliyofuata Mwinshehe alifiwa na shangazi yake Kisarawe, akaenda kuzika. Siku tatu. Rangi iliyobaki haikutosha mlango wa pili. Bi Mwanakombo akachanganya nyingine peke yake, akaianika, akailinganisha, akapuliza. Ilitoka laini, haikudondosha hata chozi moja.

Mzee Audax akaja na fimbo yake, akasimama mbele ya mlango ule kwa muda. Akasema, “Kazi nzuri, mama fundi.” Jirani akachungulia getini, akasema mashallah. Mke wa mpangaji akasema hongera. Bi Mwanakombo akalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi yake.

Jumamosi akaja Monica, binti wa mzee, kutoka Mbezi Beach.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Njoo uione Pijo ya baba yako.”

“Naiona, imependeza. Huu wa nyuma ndio bado, sio? Mmeweka praima tu ya chini?”

“Praima ya nini? Huo umekwisha.”

Monica akacheka, akidhani anataniwa. “Mama, huu si mweupe?”

“Mweupe wapi? Samli hiyo, sawa na wa mbele.”

Hakuna mwingine aliyecheka. Bi Mwanakombo akamgeukia mwenye gari. “Eti, mzee?”

Mzee Audax akatazama ncha ya fimbo yake. “Umetoka mweupe kidogo,” akasema.

“Hiyo ‘kidogo’ ndiyo iliyonimaliza,” anasema Bi Mwanakombo leo. “Angesema mweupe pe, ningemwona ananionea. Lakini mtu mzima akisema kidogo huku anatazama chini, ujue ni kweli na ni kubwa.”

Mzee anajitetea kwa sauti ndogo. “Nilimwona mama wa watu amefurahi. Ningeanzia wapi?” Jirani naye ana lake: mtu mzima hasahihishwi mbele ya kazi yake. Watu watatu waliuona mlango ule kwa siku tatu, wote wenye macho mazima, na wote wakamsitiri.

Jumapili Mwinshehe akarudi kutoka matangani. Bi Mwanakombo alimkuta ameinama mbele ya mlango mweupe, hajapiga hata hodi kwa wenyeji. Akamuuliza unaona nini. Mwinshehe akageuza ndoo, akaikalia.

“Dada,” akasema, “ni miaka miwili sasa.”

Miaka miwili, kila Bi Mwanakombo alipomaliza kuchanganya rangi na kwenda kuswali, au kuosha mikono, au kudai chenji ya thina, Mwinshehe alisogea kwenye kopo na kutia kilichopungua. Mara nyingi njano. Mara nyingine bluu. Alianza na gari moja la Tandale lililotakiwa krimu likachanganywa jeupe. Alidhani ni uchovu. La pili akadhani ni uchovu. La tatu akajua.

“Mlango wa mbele nao?” Bi Mwanakombo alimuuliza.

“Nao. Ulipokwenda kuswali adhuhuri.”

“Kwa nini hukuniambia, Mwinshehe?”

“Ningekwambiaje, dada? Wewe ndiye uliyenifundisha njano ni ipi.”

Bi Mwanakombo alikunja vyandarua kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko, akaenda zake Manzese. Hawakusemeshana siku nne, wao ambao kwa miaka kumi na sita hawakumaliza saa nzima bila kutukanana kwa mapenzi.

Sasa tegua na hiki. Mgeni kaingia bila hodi, kakaa dirishani, kila nikichungulia nje naona kanzu yake. Huyo ni mtoto wa jicho. Katika siku hizo nne Bi Mwanakombo alikwenda hospitali, na daktari alimkuta mgeni huyo kwenye jicho la kushoto, mzito, wa rangi ya chai ya rangi. Mtu akitazama dunia kupitia kikombe cha chai, nyeupe na samli zitatofautianaje? Huyo hutolewa, na wengi huona tena.

Jicho la kulia lina kitendawili kingine: mwizi kaiba taa, mlango hakuvunja. Ni presha ya jicho. Haiumi, haiwashi, haitoi machozi. Inaua mshipa polepole, na mshipa ukifa hauamshwi. Bi Mwanakombo hakujua kuwa jicho hilo limekwisha, kwa sababu la kushoto lilikuwa likimfanyia kazi, na ukungu wote machoni aliusingizia mvuke wa thina.

“Daktari mwenyewe kijana, ana heshima zake,” anasimulia. “Akanishika mkono, akasema, mama, ungekuja miaka miwili nyuma hili la kulia tungeliokoa.” Anajifunga mtandio upya. “Akasema miaka miwili. Hakujua amesema nini.”

Mwinshehe anajua. Aliambiwa siku ya tano, aliponyanyuka mwenyewe kwenda Manzese na kusimama mlangoni mpaka akakaribishwa. Akiulizwa juu ya jambo hilo, mtu huyu mpole hupiga msasa kwa nguvu kuliko bati linavyohitaji.

“Watu wananiambia ulimsitiri mwenzio, una thawabu,” anasema. “Thawabu ipi? Mie nilikuwa naficha rangi, kumbe naficha jicho. Na nisiseme uongo mbele ya Mungu, niliogopa pia. Akiacha yeye, mie na msasa wangu nani atanitaka?”

Bi Mwanakombo akisikia hayo huwa anatazama pembeni. “Simwachi,” anasema. “Nimemkasirikia, na nitamkasirikia mpaka nife, hilo analijua. Lakini nimwache niende na nani? Siku ile ya tano nilimwambia, ingia ule, ila kuanzia leo ukiona kitu unasema. Hata kama ni mie nimevaa nguo kinyumenyume, unasema.”

Saa mbili imefika. Anapitisha kiganja juu ya boneti, mara ya kwanza kwa upande wa vidole, mara ya pili kwa upande wa nyuma ya mkono. Bati limekauka.

Leo rangi inachanganywa na Mwinshehe, wazi, mchana, kwa sauti. Bi Mwanakombo ameketi kwenye kigoda, kifuniko cha tangi mapajani.

“Nyeupe ipo?”

“Ipo, nusu kopo.”

“Njano.”

“Vijiko viwili.”

“Vya chai au vya kupakulia wali? Nakujua wewe.”

“Vya chai, dada.”

“Kahawia tone moja. Umekoroga? Sema unachoona.”

“Naona samli.”

“Ya dukani au ya nyumbani?”

“Ya dukani. Imepauka.”

“Ongeza njano, ncha ya kijiko. Sasa?”

Mwinshehe anapaka kidogo kwenye bati, wanalianika, wanangoja. Analeta bati karibu na kifuniko, anainama mpaka kichwa chake kinakaribia kugusana na cha mwanamke huyu.

“Sasa ya nyumbani.”

“Unanidanganya?”

Kuku anavuka uani kwenye ardhi yenye maji, akiacha nyayo. Mwinshehe analinganisha tena bati na kifuniko.

“Leo hapana,” anasema.

Anachovya kijiti kwenye kopo la rangi na kukiinua. Bi Mwanakombo anatega sikio kwenye matone. Yakianguka kwa kusitasita rangi ni nzito. Yakikimbizana ni nyepesi. “Thina kidogo,” anaamuru. Matone yanabadilika mwendo. “Hapo.”

Kompresa inaunguruma. Mwinshehe anaingia ndani ya vyandarua na bomba, miwani ya plastiki usoni na kinga puani, vitu ambavyo Bi Mwanakombo alimnunulia wiki hiyo hiyo aliyotoka hospitali, akimwambia Bakari mmoja anatosha. Bomba linaanza kufoka. Bi Mwanakombo amelipa mgongo gari, anasikiliza.

“Umesogea mno,” anasema. “Sauti imekaba. Rudi nyuma.”

Mwinshehe anarudi nyuma.

“Usisimame kwenye kona. Mkono uende kama unapiga pasi, ukifika mwisho achia.”

Juu ya kigoda, mkono wake wa kulia unakwenda na kurudi hewani, kidole cha shahada kinakaza na kuachia. Hajui kama unafanya hivyo. Mzee Audax ametoa kiti chake cha kamba na kukaa karibu na mlango wa jiko. Anautazama mkono huo, si gari.

Saa nne kasorobo boneti imekwisha. Mwinshehe anatoka, anavua kinga. Wote wawili wanamngoja mzee. Anainuka, anasogea na fimbo, anachungulia kupitia chandarua.

“Ndiyo yenyewe,” anasema.

“Mzee, si heshima hiyo?” anauliza Bi Mwanakombo.

“Si heshima, mama fundi. Ndiyo yenyewe. Na ule mlango wa nyuma ni mweupe kama kanzu ya padri, nilipaswa kukwambia siku ile.”

“Ahsante,” anasema Bi Mwanakombo, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka, kidogo, kisha anafuta jicho la kushoto kwa ncha ya mtandio.

Kilichobaki kurekebishwa ni mlango huo tu. Mwinshehe alitaka aukune kesho, aupulize keshokutwa, aibu iondoke machoni pa watu. Bi Mwanakombo amekataa. Upasuaji wa jicho la kushoto umepangwa Jumanne ya wiki ijayo, na mpaka hapo mlango usiguswe.

Daktari hakumwahidi kitu. Jicho linaweza kufunguka, linaweza lisifunguke kama anavyotaka. Na hata likifunguka, mwenye jicho moja hupima umbali kwa shida. Bomba likikaribia shibiri moja zaidi, rangi inatiririka. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mlango mweupe wa Pijo ndio wa mwisho alioupuliza kwa mkono wake.

Analijua hilo. Mpango wake anausema taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya dukani. Likifunguka, atachanganya na Mwinshehe atapuliza. Lisipofunguka, Mwinshehe atachanganya na kupuliza, na yeye atahesabu matone kwenye kigoda, nusu kwa nusu, mpaka mmoja wao achoke.

Saa sita mchana kirikuu, kigari cha mizigo, kinasimama getini. Mwinshehe anafungua bawaba, anautoa mlango mweupe, na Pijo inabaki na pengo ubavuni kama mdomo uliong’oka jino. Mzee Audax ameridhia. “Imekaa chini ya turubai miaka tisa,” anasema. “Haitashindwa wiki mbili.”

Wanauvisha mlango kanga mbili na blanketi, wanaulaza kwenye kirikuu kwa uangalifu wa watu wanaobeba maiti. Unakwenda Manzese, chumbani kwa Bi Mwanakombo, utaegemezwa ukutani kuelekea kitandani. Kifuniko cha tangi amekitia kwenye mkoba wake, pamoja na karatasi za hospitali.

“Wajukuu nitawaona tu, wale wana kelele, hawapotei,” anasema, akipanda mbele karibu na dereva. “Nikishafunguliwa bandeji nikarudi nyumbani, sitaki salamu kwanza. Nataka Mwinshehe afungue dirisha, aweke kifuniko juu ya mlango, anyamaze. Asinisaidie.”

Anaufunga mlango wa kirikuu, anaujaribu kwa kiganja kama umefunga sawasawa.

“Nikiona havifanani, nitajua nimepona.”